Mjomba anasema tumemtupa mama kwa mtu baki

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kitindamimba kati ya watoto wanne, na ni mimi peke yangu niliyeko Dar es Salaam. Mama yetu ana miaka 74, anaishi Pangani. Wiki mbili na nusu zilizopita alianguka alfajiri akitoka kutawadha. Kumbe ni kiharusi. Alianzia Tanga, wakampa rufaa, na sasa amelazwa huku Dar, wodi ya wanawake. Upande wa kulia haufanyi kazi, mkono umelegea, na maneno yamekatika. Anasema "hii, hii", akishindwa analia. Anavaa pampasi.

Nimeajiriwa katika duka la vyombo Kariakoo. Kila mchana naomba ruhusa kwenda kumlisha, na tajiri ameshaanza kukunja uso. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Akitoka kazini anapitia hospitali, anafika nyumbani saa 3 usiku, na tuna watoto wawili wadogo. Kaka yangu mkubwa yuko Mwanza, wa pili yuko Songea. Dada yetu yuko Muscat anafanya kazi za ndani; anatuma fedha anapopata, na kila siku anaomba picha ya mama kwenye kundi la familia. Mama mdogo yuko Pangani, anauza samaki wa kukaanga, amesema akiitwa atakuja.

Shangazi, Jumatano iliyopita nilifika mchana nikamkuta mama amelowa. Nesi alikuwa mmoja na wagonjwa ni wengi, nikaona nisisubiri, nikachukua beseni nimsafishe mwenyewe. Nilipogusa kanga, mama aliikamata kwa mkono wa kushoto akaing'ang'ania, anatikisa kichwa, machozi yanamtoka. Nikamwomba mama mmoja anayeuguza kitanda cha jirani anisaidie. Mimi nilitoka nikakaa kwenye ngazi nikalia.

Huyo mama ndiye aliyenieleza kwamba kuna mwanamke anayeuguza wagonjwa kwa malipo. Yupo pale wodini miezi kadhaa, mgonjwa wake akiruhusiwa anachukua mwingine. Anataka shilingi 25,000 kwa usiku na mchana. Dada atalipa nusu. Sista wa wodi amesema kwa hali ya mama anaweza kutoa kibali kwa mwanamke mmoja akae naye. Nilipomweleza mjomba kwa simu akafoka: "Dada yangu amezaa wanne, leo mnamtupa kwa mtu baki anayehesabu hela?" Mke wangu naye anasema tuachane na huyo wa kulipwa, tumpeleke binti wetu wa kazi, ana miaka 16 na mama amemzoea.

Je, nikimlipa mtu amuuguze mama nitakuwa nimemkosea radhi? Na kama ni sawa, nimpe kazi zipi, nimlipeje?

Kitindamimba, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na mama Mungu amnyanyue.

Swali lako la kwanza mama ameshalijibu, tena kwa mkono wake wa kushoto. Alipoishika ile kanga alikuwa anakwambia kwamba wewe ni mwanawe, na kuna mahali mwana hafiki. Mwanamke wa pwani aliyelea watoto wanne bila hata mmoja kumwona bila nguo, hawezi kuianza hiyo leo kwa sababu mkono umelegea. Kumtafutia mwanamke mwenzake wa kumwosha ni kumsitiri. Mweleze mjomba hivyo hivyo, kwa adabu, na umsimulie habari ya kanga yote. Sidhani kama anaijua. Watu walio mbali husikia neno "kulipa" wakadhani mmepeana zamu ya kumkimbia mgonjwa. Akishasikia, mwombe naye atoe mchango wa sabuni na pampasi, maana pampasi za watu wazima zinakwisha upesi na bei yake si ndogo. Mjomba ni mzazi, asikae pembeni kama mtazamaji.

Ila kabla ya kukubaliana na yeyote, muulize mama mwenyewe. Najua unasema hasemi. Kiharusi kinachopooza upande wa kulia kinakuwa kimeharibu upande wa kushoto wa ubongo, na kwa watu wengi huko ndiko lugha inakokaa. Maneno yanaweza kushindwa kutoka ilhali mengi unayomwambia anayaelewa. Kulia kwake anaposema "hii, hii" ni kulia kwa mtu anayejua anachotaka kusema. Kwa hiyo mlete yule mwanamke mchana mmoja, akae upande wa kushoto wa mama ambako ni rahisi kumwona, amsalimu, ajitambulishe. Kisha wewe umuulize mama neno moja moja: "Huyu akuoshe?" Abinye mkono wako kama anakubali. Mpe muda, hesabu mpaka 10 kimoyomoyo kabla ya kurudia swali. Akikataa, tafuta mwingine. Na hapo hapo mwangalie huyo mwanamke: je, alianza kwa kumsalimu mgonjwa, au alianza kwako kuuliza malipo? Je, aliongea na mama, au aliongea juu ya kichwa chake kana kwamba kitandani hakuna mtu?

Binti wa miaka 16, hapana. Hili naomba wewe na mkeo mlipokee bila kujadili. Kumgeuza mtu mzima aliyepooza ni kazi inayovunja mgongo wa mtu mzima mwenziwe. Wodini anaweza kumshuhudia mtu akikata roho kitanda cha pili, usiku, akiwa peke yake, na wewe hupo kumshika mkono. Huyo ni mtoto wa mtu. Mmemchukua awasaidie nyumbani, na hata nyumbani nina hakika kazi zinamtosha.

Sasa huyu mwanamke. Usimchukue kwa sababu tu yuko karibu. Muulize sista wa wodi faragha: anamfahamu? Amewahi kuleta matatizo? Ombeni namba za familia mbili alizowahi kuzihudumia, na mpige kweli. Piga picha kitambulisho chake cha taifa, jua anaishi mtaa gani, pata na barua ya serikali ya mtaa wake. Mwaminifu wa kweli haoni tabu kwa hayo. Akijitambulisha kwamba ni muuguzi aliyesomea, muombe leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Akisema hakusomea ila ana uzoefu, hiyo si aibu, wengi wanaouguza vizuri hawakupita darasani. Kinachonitia wasiwasi ni yule anayesema ni nesi na si nesi, kwa sababu huyo ndiye siku moja atagusa dripu.

Kazi zake. Hapa nataka usome taratibu, mwanangu, na ukimaliza umsomee na yeye.

Miaka 12 iliyopita mama mkwe wangu alivunjika nyonga. Tulimwekea binti mmoja mpole sana, anampenda mgonjwa, anamwimbia. Ilikuwa miezi ya baridi, tukamvalisha bibi soksi za sufu. Kila siku aliogeshwa, akalishwa, akachanwa nywele, na sisi jioni tukija tunamkuta ananukia sabuni, tunashukuru. Siku ya 9 nikasema nimpake mafuta miguuni. Nilipovuta soksi ya mguu wa kulia ilikuwa imegandana na kisigino. Ilipotoka ilitoka na ngozi, na chini yake kulikuwa kweusi, kumebonyea kama embe lililoozea upande mmoja. Bibi hakuwahi kulalamika. Mfupa wake uliunga kabla kile kidonda hakijafunga. Yule binti alilia kuliko sisi sote, na hakuwa na kosa, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba mgonjwa asiyejigeuza anaoza pale anapolalia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla hata ya chakula, ni kumgeuza mama kila baada ya saa mbili: ubavu huu, mgongo, ubavu huu. Manesi wamwonyeshe namna, na ule ubavu uliopooza usilaliwe kwa muda mrefu. Kila anapogeuzwa akaguliwe mkiani, kwenye nyonga, kwenye mabega, viwiko na visigino. Kwenye ngozi zetu usisubiri uone wekundu. Tafuta mahali palipoiva weusi kuliko pembeni yake, pana joto au pamekuwa pagumu. Ukiona, hapo pasilaliwe tena, pasisuguliwe, na nesi aitwe siku hiyo hiyo. Chini ya mashavu ya miguu wekeni mto ili visigino vining'inie bila kugusa godoro. Wengine watakushauri ujaze maji kwenye glavu uweke chini ya kisigino. Achana nayo, mto unafanya kazi vizuri zaidi. Shuka isiwe na mikunjo, na pampasi ikilowa isisubiri, kwa maana mkojo unailainisha ngozi ikachubuka upesi.

Kazi ya pili ni kumlisha, na hii ndiyo inayoua kimyakimya. Kiharusi kinaweza kulegeza koo, chakula kikashuka kwenye mapafu badala ya tumbo, akapata nimonia. Muulize daktari au nesi leo: mama amepimwa kumeza? Anaruhusiwa maji au uji mzito tu? Jibu lao ndilo mlifuate. Anapolishwa awe ameketi wima kabisa, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo, ameze cha kwanza ndipo kije cha pili. Shavu la kulia liangaliwe, chakula hujificha humo bila yeye kujua. Akikohoa, au sauti ikawa kama ina maji kooni, mlishaji aache kulisha na amwite nesi. Akimaliza asilazwe kwa nusu saa, na kinywa kisafishwe kwa mswaki. Mtu anayelipwa na ana haraka utamjua kwa kijiko: anashindilia uji ili bakuli liishe ulione tupu. Mwambie waziwazi kwamba hutamlaumu kwa bakuli lililobaki nusu.

Na ule mkono wa kulia usivutwe wakati wa kumwinua. Bega la upande uliopooza halina misuli ya kulishikilia, likivutwa linateguka na maumivu yake hayaishi mapema. Mkono ukae juu ya mto muda wote. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anapokuja, huyo mwanamke asimame pale ajifunze, maana mwili unarudisha mengi katika miezi mitatu ya mwanzo na mazoezi ya nusu saa kwa siku hayatoshi peke yake.

Mama yako ni mtu wa sala, nimeona mwenyewe ulivyoandika alianguka akitoka kutawadha. Mchague mwanamke anayejua hilo, hata kama dini yake ni nyingine. Wakati ukiingia amfute uso na mikono, amfunike nywele, anyamaze kidogo. Mgonjwa anasali kwa macho yake akiwa amelala, na hakuna ajuaye anayoyasema humo ndani.

Asichoruhusiwa ni hiki: hampi dawa yoyote ambayo nesi hakumkabidhi, hafungui dripu, hagusi mpira wa mkojo, haleti mitishamba ya mtu, na hatii sahihi karatasi yoyote kwa niaba yenu. Dawa ikiandikwa ya kununua, apige picha karatasi akutumie, wewe ulipe kwa namba ya malipo ya hospitali. Fedha isipite mkononi mwake, wala mkononi mwa mtu wa korido anayesema atawaharakishia. Hivi unamlinda na yeye pia, kwa sababu siku kitu kikipotea wa kwanza kushukiwa ni maskini wa wodi.

Mnunulie daftari la shule la kurasa 40, likae kwenye kabati la kitanda. Aandike saa aliyomgeuza, alichokula, kama amepata choo, rangi ya mkojo, na jambo lolote lililomshtua. Kama kuandika ni shida, akutumie ujumbe wa sauti. Daktari akipita asubuhi akauliza "jana amekulaje?", jibu liwepo.

Saa za kazi sasa, na hapa nakukatalia. Usinunue usiku na mchana wa mtu mmoja. Shilingi 25,000 kwa saa 24 ni kama 1,000 na kidogo kwa saa, na kwa hiyo 1,000 unataka mtu asilale akiwa ameshika uhai wa mama yako. Atalala tu. Atalala ameketi, na mama atalala ubavu mmoja mpaka asubuhi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya siku na siku, na siku nzima ya mapumziko kila wiki. Ifuate, hata kama wodini hakuna anayekukagua. Ningekuwa wewe ningempa Jumatatu mpaka Ijumaa, saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni, ambazo ni saa 45 kamili. Mpe 15,000 kwa siku, nauli yake na chakula cha mchana, ulipe kila Ijumaa bila kukumbushwa. Ni 75,000 kwa wiki, nusu yake anatoa dada. Glavu na sabuni mnunue ninyi.

Usiku muite mama mdogo. Amesema akiitwa atakuja, na hujaniambia kama kuna aliyemwita. Huyo ni ndugu wa damu, sauti ya nyumbani. Wazee wakilazwa huchanganyikiwa zaidi giza likiingia, wakaweweseka, wakataka kushuka kitandani waende kwao, na sauti ya mdogo wake ikimwambia "upo hospitali, dada, mimi nipo" inatuliza kuliko sindano. Lakini na yeye mlipeni. Jiko lake la samaki litakuwa limezimwa Pangani na wateja watahamia kwa mwingine. Hapa ndipo kaka wa Mwanza na wa Songea wanapoingia: watoe nauli yake, na kiasi cha kuziba anachokosa. Muulize sista kama kile kibali kimoja kinaweza kubadilishwa zamu, mchana huyu, usiku yule. Mama mdogo naye si chuma, Jumamosi mkeo ampokee. Siku nyingine zote mkeo akitoka shule aende nyumbani kwa watoto. Amebeba mzigo huu kimya na hukuandika kama umewahi kumshukuru.

Bado jambo moja, na hili limeniuma nilipolisoma. Picha. Dada yako yuko mbali, roho inamtoka, anataka kumwona mama. Namwelewa. Lakini mama yako hakutoka nje ya mlango Pangani bila buibui, leo nywele zake nyeupe na mdomo uliopinda viko kwenye simu za mabinamu na marafiki wa mabinamu. Ziache leo hii. Mpigie dada simu ya video jioni ukiwa pale, mama amefunikwa vizuri, mama akikubali kwa kubinya mkono, dada aongee naye moja kwa moja. Kwenye kundi la familia andika maneno. Na yule mwanamke mkubaliane tangu siku ya kwanza: hapigi picha mgonjwa, isipokuwa kidonda ambacho nesi ameomba kionekane. Pia mtu wa kumpa maagizo awe mmoja, wewe. Akianza kupokea amri kutoka Muscat, Mwanza na kwa mjomba, kila mtu na lake, ataondoka, na atakuwa na haki.

Wewe sasa, unayedhani umebaki bila kazi. Jioni ni zako. Hutamwosha mama, lakini uso wake, mikono na miguu ni halali yako. Mkate kucha. Mkunjue vidole vya ule mkono wa kulia kimoja kimoja, taratibu, kwa mafuta ya nazi, na umsimulie habari za Pangani: nani kapiga simu, mvua imenyesha au la, pantoni inavusha au imekwama tena. Usiache kwa sababu hajibu.

Na leo ukifika, kabla hujakaa, anza kwa kuvua soksi.

Shangazi